Kufunga spesa na tairi kubwa kwenye UTV: tairi kwanza, spesa baadaye

Watu wengi wakitaka kubadilisha tairi za UTV (kigari cha porini cha magurudumu manne, chenye usukani na viti vya kukaa sambamba) wanaagiza tairi na spesa siku moja, mzigo ukifika ndo wanaanza kuuliza zinafungwaje. Mi nasema ungeanza na tairi. Funga tairi moja, ona inagusa wapi, halafu ndo uamue kama spesa unaihitaji kweli na ya unene gani. Kuna UTV zinakubali kupanda inchi moja au mbili za tairi bila spesa yoyote, na kuna watu wamefunga spesa za inchi mbili kwa ajili ya sura tu, sasa kila mwaka wanabadilisha beringi.

Kwa asiyejua, spesa ni pande la alumini linalokaa kati ya habu (kitovu kinachobeba gurudumu) na rimu ili gurudumu litoke nje zaidi. Zile nazoongelea hapa ni zenye stadi (bolti zilizosimama) zake zenyewe, yaani spesa unaifunga kwenye habu kwa nati, halafu rimu unaifunga kwenye stadi za spesa. Kwa hiyo kila gurudumu linakuwa na nati za safu mbili, za ndani na za nje, na zile za ndani ukishafunga gurudumu huzioni tena. Hapo ndo shida nyingi zinaanzia, tutafika.

Kusoma tairi

Tuseme ya sasa imeandikwa 27x9R14. 27 ni kimo kwa inchi ikiwa na upepo, 9 ni upana, R ni rediali, 14 ni saizi ya rimu. Ukikuta kistari badala ya R, kama 27x9-14, hiyo ni bayasi, yaani nyuzi zake za ndani zimepishana kimshazari. Rimu haina mjadala, tairi ya 14 inaingia rimu ya 14 basi. Angalia pia tarehe, zile namba nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na DOT, kama ni 2321 basi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2021. Tairi ambayo imekaa stoo miaka sita inaweza kuonekana mpya kabisa, vinundu vyote vipo, lakini mpira umeshakauka.

Sasa unataka kwenda 30. Hesabu ni hii: tairi ya 27 ikizunguka mara moja inasogea kama mita 2.15, ya 30 inasogea kama mita 2.39, tofauti ni asilimia 11 hivi. Maana yake spidomita ikisoma 50 wewe uko kama 55, na nguvu inayofika chini inapungua kama asilimia 10, kwa hiyo mkanda wa CVT (gia inayojibadilisha yenyewe kwa mkanda) ndo unaobeba lawama, ukipanda kilima taratibu na mzigo ukiwa kwenye gia ya H (ya kasi) utausikia unanuka. Tumia L (ya nguvu), ndo kazi yake. Na faida ya kimo usiikuze, tairi ikiongezeka inchi tatu gari linapanda inchi moja na nusu tu, kama milimita 38, maana nusu nyingine iko juu ya ekseli.

Kwenye four wheel badilisha zote nne. Kama gari lilitoka kiwandani na tairi za mbele tofauti na za nyuma, uwiano wao uubakize vile vile, la sivyo ukiingiza four wheel kwenye ardhi ngumu difu na shafti zinavutana. Na usiamini namba zilizoandikwa ubavuni peke yake, tairi mbili za 30 za makampuni tofauti zinaweza kupishana karibu inchi nzima. Weka alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, sukuma gari mpaka chaki irudi chini, pima sakafuni kwa tepu. Fanya mbele, fanya nyuma, hapo una namba ya kweli.

Pima nafasi kabla hujanunua spesa

Tairi ikienda kutoka upana wa 9 hadi 10 kwenye rimu ile ile, inaongezeka milimita 25, nusu inaenda nje na nusu inaingia ndani, yaani milimita 12 au 13 upande wa ndani. Kama kati ya tairi na mkono wa suspensheni kulikuwa na milimita 20, zinabaki 7. Saba inaonekana inatosha gari likiwa limepaki, sasa weka tope lililoganda, weka tairi inayojikunja kwenye kona, weka jiwe dogo limenasa kwenye kinundu. Haitoshi.

Kwa hiyo funga gurudumu moja la mbele bila spesa, zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, pitisha vidole kati ya tairi na shokapu, tairodi (fimbo ya usukani), bomba la breki, mkono wa juu. Halafu rudia suspensheni ikiwa imebonyea. Njia ya uhakika ni kutoa shokapu ya upande huo, gari likiwa juu ya stendi, na kunyanyua gurudumu kwa jeki taratibu mpaka juu kabisa. Ni kazi ya kuchosha ila ndo inayokuonyesha ukweli.

Kitu ambacho watu hawaambiwi ni kwamba spesa inatibu kugusa kwa ndani halafu inaleta kugusa kwa nje. Gurudumu la mbele likisogezwa nje, ukikata kona halizunguki tena pale pale, linachora duara kubwa zaidi, mbele linaifuata bampa na nyuma linaifuata madigadi na ubao wa miguu. Nimeona mtu ameondoa mkwaruzo wa milimita tano kwenye tairodi akapata mkwaruzo wa kona nzima ya madigadi, ikabidi aikate. Kama inagusa kidogo tu ndani, spesa ya inchi moja inatosha, hiyo ni milimita 25 kila upande na gari linapanuka milimita 50 kwa jumla. Ya inchi mbili inapanua milimita 100, hapo pima na trela yako kabla hujafurahi.

Na ndio, upana unasaidia gari lisipinduke kwenye mteremko wa ubavu. Lakini gurudumu likienda nje, beringi, bolijointi na tairodi zinabeba uzito kwa mkono mrefu zaidi, na usukani utakupiga mkononi ukikanyaga jiwe. Kama una hela ya rimu mpya, rimu yenye ofseti ya kutokeza (iliyotengenezwa ikae nje zaidi) inakupa upana ule ule bila safu ya pili ya nati, mi ningechukua hiyo. Mkono kwenye beringi unabaki mrefu vile vile lakini, hilo halikwepeki.

Kuchagua spesa yenyewe

UTV nyingi zina stadi nne. Ili kupata namba ya duara, pima stadi zinazotazamana, kutoka ukingo wa kushoto wa moja mpaka ukingo wa kushoto wa ile ya ng'ambo, hiyo ni sawa na katikati kwa katikati na huhitaji kubahatisha katikati ya stadi iko wapi. Polaris nyingi zinasoma 4x156, Can-Am nyingi 4x137, Honda na Yamaha nyingi 4x110. Nasema nyingi, kwa hiyo pima. Mtego upo kwenye zinazokaribiana, 110 na 115 ukilazimisha nati zinaweza kushika, lakini stadi zinakuwa zimevutwa pembeni na zitakatika.

Cha pili ni tundu la katikati. Spesa nzuri inakaa kwenye pua ya habu bila kucheza na yenyewe ina pua inayoshika rimu. Hakikisha inapita nati ya ekseli na pini yake. Cha tatu ni uzi. Stadi za habu zinaweza kuwa 10x1.25 na stadi za nje za spesa zikawa 12x1.5, hapo nati zako za zamani hazitaingia nje, utahitaji mpya, na utahitaji soketi mbili tofauti. Alumini iwe ya kufuliwa au kukatwa kutoka pande zima, 6061-T6 au 7075-T6, ile ya kumiminwa kwenye kalibu achana nayo. Na usibebanishe spesa mbili za inchi moja upate inchi mbili. Usifanye.

Kuvalisha tairi kwenye rimu

Kama una fundi mwenye mashine, mpe, hata mi nampa nikiwa na haraka. Ukifanya mwenyewe, toa ule moyo wa valvu upepo wote uishe, kisha bandua mdomo wa tairi kwenye rimu. Tairi za UTV ni bishi sana hapa kwa sababu rimu nyingi zina tuta dogo linalozuia mdomo usitoke ukitembea na upepo mdogo. Laza tairi chini ya fremu ya gari zito, weka kipande cha ubao ubavuni karibu na rimu, simamisha jeki juu ya ubao na uinyanyue ikisukuma fremu. Mwagia maji ya sabuni. Utasikia inaachia.

Kutoa na kuingiza siri ni moja, upande mmoja wa mdomo uwe umezama kwenye bonde la rimu ndo upande wa pili upate nafasi. Ukiona unatumia nguvu nyingi na chuma kinataka kukurukia usoni, ujue upande wa pili umepanda kutoka bondeni, piga goti juu yake uurudishe. Chukua kidogo kidogo, sentimita tano tano. Badilisha valvu wakati huo huo, ni kitu kidogo na ukikisahau utarudia kazi yote. Na angalia mshale wa mzunguko ubavuni, tairi mbili ziangalie kushoto na mbili kulia, mi nilishavalisha tatu za upande mmoja nikagundua nikiwa nanawa mikono.

Kukalisha mdomo: sabuni pande zote mbili, valvu bila moyo ili upepo uingie kwa kasi. Kama mdomo hauigusi rimu na upepo unatoka tu, zungushia mkanda wa kufungia mizigo katikati ya tairi na uukaze, ubavu utasukumwa nje na utashika. Utasikia pa, halafu pa nyingine. Kiwango cha juu cha kukalishia kimeandikwa ubavuni mwa tairi, usikizidi hata kama upande mmoja umegoma, toa upepo, ongeza sabuni, anza tena. Simama pembeni, tumia mpira mrefu wenye kishikio cha kujishika chenyewe. Mambo ya kupuliza petroli na kuwasha kiberiti umeona kwenye video, yaache huko huko kwenye video. Ikishakaa, ule mstari mwembamba karibu na rimu uwe umbali sawa mzunguko mzima, ndo urudishe moyo wa valvu na uweke upepo wa kutembelea. Kwa UTV huo ni mdogo, mara nyingi kati ya PSI 10 na 20 kutegemea gari na mzigo, kwa hiyo geji ya lori haikufai, tafuta inayosoma chini vizuri.

Kufunga spesa

Paki sehemu tambarare, weka P au breki ya mkono, kabari kwenye magurudumu yanayobaki chini. Legeza nati nusu mzunguko gari likiwa bado chini, ndo unyanyue, ndo uweke stendi. Usifanye kazi gari likiwa kwenye jeki tupu.

Ukitoa gurudumu, angalia uso wa habu au disiki pale rimu ilipokuwa inakaa. Utaona duara la kutu, tope kavu, saa ingine rangi. Sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kitokee, zunguka kila stadi kwenye shina lake, futa kwa kitambaa. Hapa nakaa kidogo kwa sababu hapa ndo niliumia. Mara ya kwanza mi nilipiga brashi juu juu tu, nikafunga, spana ya toki (ile inayolia ukifika kiwango cha kukaza) ikalia tak kwa kila nati, nikaridhika. Safari ya pili, kona za taratibu nikaanza kusikia tik, tik, upande wa nyuma kushoto. Nikadhani jointi ya ekseli, siku mbili nzima nimelala chini ya gari natikisa ekseli. Kuja kutoa gurudumu, nati mbili za ndani nazizungusha kwa vidole, na matundu ya spesa yameanza kuwa ya yai. Ule unga wa kutu ulikuwa umesagika ukaacha nafasi, na nati iliyokazwa juu ya unga haijakazwa. Spesa nikaitupa na stadi nne nikabadilisha.

Uso ukiwa safi, ingiza spesa kwa mkono bila nati. Ikae bapa, isicheze ukiibonyeza kona moja. Ikicheza tafuta sababu, mara nyingi ni klipu ndogo ya disiki au ukingo wa pua ya habu. Halafu weka rula juu ya uso wa spesa, ipite kwenye kila stadi ya habu. Spesa ikiwa nyembamba ncha za stadi za zamani zinachomoza, na kama nyuma ya rimu hakuna mashimo ya kuzimeza, rimu itakaa juu ya ncha badala ya kukaa kwenye uso wa spesa. Unakaza nati za nje unaona zimekaza, kumbe gurudumu linaning'inia.

Kama maelekezo ya spesa yanasema gundi ya nati, tumia ile ya bluu, tone moja kwenye uzi wa stadi za habu. Nyekundu hapana, siku ya kufungua utahitaji moto. Grisi kwenye uzi nayo hapana, inafanya spana ichelewe kulia, ikija kulia stadi imeshavutwa kupita kiasi. Grisi kidogo sana pakaza kwenye pua ya habu tu ili alumini isigande na chuma.

Ingiza nati kwa vidole, upande wa koni uangalie ndani kama tundu la spesa ni la koni. Hesabu mizunguko. Stadi ya milimita 12 yenye uzi wa 1.5 inataka angalau mizunguko minane, ikishika mitano tu hiyo spesa si ya gari lako. Kaza kwa kupishana, moja halafu ya ng'ambo yake, awamu tatu, theluthi, theluthi mbili, mwisho kiwango kamili kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari au maelekezo ya spesa, vikitofautiana fuata kile kilicho kidogo. Gurudumu halipo chini kwa hiyo habu itazunguka na wewe, mwambie mtu akanyage breki. Kama uko peke yako, weka nati za nje kwenye stadi mbili za spesa na upitishe mtaimbo kati yake uegemee chini, bila nati utaharibu uzi. Soketi iwe ya ukuta mwembamba, ile nene ya mashine ya upepo inakwama kwenye tundu la spesa na unadhani nati imefika kumbe ni soketi. Na mashine ya upepo isimalizie kazi hata siku moja.

Ukimaliza chora mstari wa rangi unaoanzia kwenye nati na kumalizikia kwenye spesa, nati zote nne. Halafu gurudumu, nati za nje kwa mkono, kupishana tena, shusha gari, kaza kwa kiwango.

Baada ya hapo

Zunguka taratibu uwanjani, usukani mwisho pande zote, pita kwenye shimo, rudi uangalie alama zinazong'aa kwenye plastiki na kwenye mikono ya suspensheni. Kisha safari fupi ya kilomita 10 au 20, na hapa ndo watu wanakwepa, toa magurudumu yote manne uangalie ile mistari. Kukaza nati za nje bila kutoa gurudumu hakukwambii chochote kuhusu za ndani. Mstari ukiwa umenyooka, weka spana kwenye kiwango kile kile, ikilia bila nati kusogea rudisha gurudumu. Ukikatika, fungua, safisha, gundi mpya, na ujiulize uso wa habu uliusafisha kweli. Rudia tena kila unapofanya sevisi, na ukiwa hapo shika gurudumu juu na chini ulitikise, beringi ikianza kuchoka utaisikia mkononi kabla haijalia.

Kwenye boksi la vifaa weka soketi zote mbili, ya ndani na ya nje, na jeki inayofika juu zaidi kuliko zamani. Na ile spea ya 27 unayotembea nayo nyuma, ukiivalisha ekseli moja na tairi ya 30 difu itafanya kazi mfululizo mpaka ufike nyumbani, kwa hiyo toa four wheel, toa loki ya difu, na kama pancha ni ya nyuma hamishia ya 27 mbele na ya mbele ije nyuma.